Mashine Darasani: Kutoka Muhuri wa Kitabu hadi Akili Mnemba

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni kumekuwa na mjadala mkubwa kuhusu makampuni ya teknolojia kuingiza programu za akili mnemba shuleni. Wapo wanaoiita akili bandia na wapo wanaoiita akili unde. Katika makala hii tutatumia akili mnemba, tukijua kwamba istilahi hiyo bado inagombaniwa. Hapa Juba mjadala huu umefika pia, na wanafunzi wetu wa ualimu huuweka katika swali moja: ikiwa walimu wa Kiswahili Sudan Kusini ni wachache, kwa nini kazi hiyo isiachiwe mashine?

Swali hilo ni la haki na halistahili kujibiwa kwa hofu wala kwa ushabiki. Makala hii inajaribu kulijibu kwa njia ya historia. Tutaonyesha kwamba shule za eneo letu zimepokea vyombo vingi kutoka nje kabla ya hiki: vitabu, redio, kompyuta na vishikwambi. Kila kimoja kilikuja na mfadhili wake, lugha yake na ahadi zake. Tukivitazama vyote kwa pamoja, tunaona kitu kimoja ambacho akili mnemba imekibadilisha, na kitu hicho ndicho kinachomhusu zaidi mwalimu wa lugha.

Mwaka 1928: mikutano miwili

Mwaka 1928 una umuhimu wa pekee katika historia ya lugha za eneo hili. Mwezi wa Aprili mwaka huo serikali ya kikoloni ya Sudan iliitisha mkutano wa lugha huko Rejaf. Walihudhuria maofisa wa elimu, wamisionari, na wajumbe kutoka Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Mwanaisimu wa Kijerumani, Diedrich Westermann, alikuwapo kama mshauri. Mkutano uliteua lugha sita za kuandikiwa vitabu vya shule Kusini, yaani Kidinka, Kibari, Kinuer, Kilatuko, Kishiluki na Kizande.

Miezi michache baadaye, mkutano mwingine ulifanyika Mombasa. Huko ndiko Kiunguja kilikokubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyohusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Moja ya kazi kubwa za Kamati hiyo ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule, kuisahihisha, na kuipa kibali kabla haijafika darasani.

Kamati hiyo ilikuwa na kasoro nyingi, na wanafunzi wetu wa historia ya Kiswahili wanazijua. Katika miaka ya mwanzo Waafrika hawakuwa miongoni mwa wajumbe wake, na waliingizwa baadaye sana. Washairi na wasomi wa pwani walilalamika kwamba lugha yao ilikatwakatwa na watu wasioizungumza nyumbani. Hata hivyo, Kamati iliacha desturi moja ambayo imedumu hadi leo, kwamba maneno yatakayowekwa mbele ya mtoto yasomwe kwanza na mtu anayewajibika. Kazi hiyo ya utafiti ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1964, na tangu 2009 iko chini ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nchini Kenya, kazi ya kuidhinisha vitabu na maudhui ya kidijitali iko mikononi mwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD).

Vitabu vya Rejaf havikuwa na bahati hiyo. Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, serikali ya Khartoum ilitaifisha shule za misheni Kusini mwaka 1957 na kusukuma Kiarabu mahali pa lugha hizo na pa Kiingereza. Kazi ya karibu miaka thelathini ikakosa mwenyewe. Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 juhudi zilianzishwa upya huko Maridi, nazo zikakatizwa na vita vilivyoanza mwaka 1983. Katiba ya Mpito ya 2011 inazitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa, na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia. Tunalitaja hili kwa sababu ni somo letu la kwanza: vitabu vilivyoandikwa kwa mamlaka ya mtu mwingine hubaki bila mtetezi siku mamlaka hiyo inapoondoka.

Redio

Chombo cha pili ni redio. Mbinu ya kufundisha kwa redio inayomtaka mwanafunzi aitikie, aimbe na ahesabu pamoja na mtangazaji ilianza Nicaragua katika miaka ya 1970 kwa masomo ya hisabati, kisha ikaenea sehemu nyingi za dunia. Kusini mwa Sudan ililetwa mwaka 2004, vita vikielekea ukingoni. Mradi uliendeshwa na shirika la EDC la Marekani kwa fedha za USAID hadi mwaka 2012. Vipindi vya watoto vya darasa la kwanza hadi la nne vilifundisha Kiingereza, hisabati, kusoma kwa lugha za nyumbani na stadi za maisha. Palipokosa mawimbi ya redio zilitumika mashine ndogo zenye masomo yaliyorekodiwa.

Mradi huu uliwafaa wengi. Walimu wengi wa wakati ule walikuwa wamekatizwa masomo na vita, na redio iliwapa mpangilio wa kipindi ambao hawakuwahi kufundishwa. Zanzibar nayo ilipata mradi wa aina hiyo kuanzia mwaka 2006, na vipindi vyake vya Tucheze Tujifunze viliandaliwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa awali na madarasa ya chini.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, redio ilimhitaji mwalimu. Sauti ilisema, "Mwalimu, chagua mtoto mmoja asimame," kisha ikanyamaza ili mwalimu afanye kazi yake. Pili, kila kipindi kiliandikwa, kikasomwa na kurekodiwa mapema, kwa hiyo kosa likigunduliwa lilikuwa kosa moja mahali pamoja na liliweza kusahihishwa. Ugumu ulikuja fedha zilipokwisha. Utangazaji unahitaji kulipiwa, betri zinahitaji kununuliwa, na mafundi wanahitaji mshahara. USAID yenyewe, iliyolipia mradi ule na mingine mingi katika nchi hii, ilifungwa mwaka 2025 na kazi zake zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Miaka michache kabla yake ni nani angeweza kuamini jambo hilo?

Kompyuta zinajifunza Kiswahili

Mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa mashindano kwa Kiswahili. Microsoft ilitangaza mpango wa kutoa programu zake za ofisi kwa Kiswahili. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, iliyopewa jina la Jambo. Huria maana yake mtu yeyote angeweza kuichukua bila malipo, kuifungua na kubadilisha neno lisilomridhisha.

Wanaisimu wengi watakumbuka ubishi wa istilahi wa wakati ule: kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Baadhi ya watu waliuona ubishi huo kuwa ni kupoteza muda. Sisi tunauona vingine. Wakati ule mtu aliyechukia neno lililo kwenye kioo alijua nani wa kumlalamikia, na neno lilikuwa katika orodha inayoweza kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ubishi wenyewe ulikuwa ushahidi kwamba wazungumzaji bado wana kauli juu ya lugha yao.

Vishikwambi na ahadi zake

Baada ya hapo vikaja vifaa vya kila mtoto. Rwanda ilianza mwaka 2008 na mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na kwa muda ilisambaza zaidi ya kompyuta 200,000. Kenya iliahidi kompyuta za shule za msingi katika uchaguzi wa 2013. Zabuni zikaleta kesi, na usambazaji ukaanza mwaka 2016. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa kwenye shule zaidi ya 20,000. Katika nchi zote mbili vifaa vilitangulia, na maandalizi ya mwalimu yakafuata nyuma kwa mwendo wa kobe.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Tanga. Taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza mwaka 2014 shindano la dola milioni 15, fedha zilizotolewa na Elon Musk. Washindani walitakiwa kutengeneza programu ambayo ingemwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Majaribio yalifanyika kwa miezi 15 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000, kwa ushirikiano na serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Google ilitoa vishikwambi. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya majaribio, kwa mujibu wa waandaaji, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 tuzo iligawanywa kati ya onebillion ya Uingereza na Kitkit School, na programu za washindani watano wa mwisho zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Hayo ni mafanikio na hatuna sababu ya kuyabeza. Lakini tuyasome kwa makini. Mtoto wa Tanga anapofunga kishikwambi chake anasikia Kiswahili dukani, msikitini, kisimani na kwa bibi yake. Mashine ilimfundisha herufi za lugha ambayo tayari ilikuwa imemzunguka. Iwapo ilimwambia neno lisilo sahihi, kijiji kizima kingeweza kumrekebisha. Hatuwezi kuyachukua matokeo ya Tanga na kuyapandikiza Juba kana kwamba mazingira ni yaleyale.

Mfano wa mwisho katika kundi hili ni shule za Bridge, zilizoanza Nairobi mwaka 2009. Huko kishikwambi kilikuwa mkononi mwa mwalimu, na somo liliandikwa makao makuu, neno kwa neno. Mahakama Kuu ya Uganda iliunga mkono agizo la kuzifunga shule hizo nchini humo mwaka 2016, kwa hoja za viwango na usajili. Kwa upande mwingine, utafiti uliotolewa mwaka 2022 na wachumi, akiwamo Michael Kremer, ulionyesha kwamba wanafunzi wa shule hizo Kenya walijifunza zaidi ya wenzao. Ukweli huu hauna budi kusemwa. Somo lililoandikwa vizuri linaweza kumsaidia mwalimu ambaye hakuandaliwa vya kutosha. Swali linalobaki ni kama mwalimu huyo, baada ya miaka kumi ya kusoma maneno ya mwingine, atakuwa amekua katika kazi yake.

Kilichobadilika sasa

Programu ya ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ilitolewa kwa umma mwezi wa Novemba 2022. Tangu hapo makampuni yameshindana kuingia shuleni. Estonia ilianza mwaka 2025 mpango wa kitaifa kwa kushirikiana na OpenAI, ukiwalenga wanafunzi 20,000 wa darasa la 10 na la 11. Mwaka huohuo Microsoft, OpenAI na Anthropic zilitangaza kutoa jumla ya dola milioni 23 kwa chuo cha mafunzo ya akili mnemba cha chama cha walimu cha Marekani. Katika jimbo la Edo, Nigeria, Benki ya Dunia iliendesha mwaka 2024 majaribio ya wiki sita ya kufundisha Kiingereza baada ya saa za shule kwa kutumia Copilot ya Microsoft, na matokeo yalikuwa mazuri. Tukumbuke lakini kwamba walimu walikuwapo wakiongoza kila kipindi, na lugha iliyofundishwa ni ile ambayo mashine hizi zinaijua kuliko zote.

Afrika Mashariki imeshiriki pia katika kuzitengeneza mashine hizi, ingawa kwa mlango wa nyuma. Gazeti la Time la Marekani liliripoti Januari 2023 kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama walikuwa wakisoma na kuainisha maandishi machafu kwa niaba ya OpenAI, kwa ujira usiozidi dola 2 kwa saa. Walioisafisha lugha ya mashine walikuwa watu wa kwetu, na hakuna aliyewauliza lolote kuhusu Kiswahili.

Ndugu msomaji, sasa tunafikia kiini cha makala hii. Kitabu cha 1930, kipindi cha redio cha 2004, orodha ya istilahi za Jambo, programu za Tanga, hata somo la Bridge, vyote vilikuwa na sifa moja: maneno yaliandikwa kwanza, ndipo yakaenda kwa mtoto. Mtu mwenye ujuzi angeweza kuyasoma yote kabla. Akili mnemba haina maneno yaliyokaa tayari. Huyatunga papo hapo, tofauti kwa kila mwanafunzi na kwa kila swali. Hakuna mswada wa kupelekwa kwenye kamati, wala ukurasa wa kupigwa muhuri. Desturi ya karibu miaka mia moja ya kusoma kabla ya kuidhinisha haiwezi tena kutumika kama ilivyokuwa.

Kwa nini Juba iwe na wasiwasi zaidi

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na serikali imeeleza nia yake ya kufundisha Kiswahili shuleni. Kiswahili kimo mjini Juba kwa wafanyabiashara wa Kenya, Uganda na Kongo, na kwa ndugu zetu waliorejea kutoka Kakuma, Nairobi na kambi za Uganda. Lakini kwa wanafunzi wengi ni lugha ya tatu au ya nne, baada ya lugha ya nyumbani, Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Mwanafunzi wetu akipewa jibu lenye kosa, hana kijiji cha kumrekebisha. Ana mwalimu wake tu.

Na makosa ya mashine si ya kubahatisha. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika intaneti ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, na mengi kati yake ni tafsiri. Kwa hiyo mashine huandika sentensi yenye maneno ya Kiswahili na mifupa ya Kiingereza. Itasema mkutano "ulichukua nafasi" ilhali mkutano hufanyika. Itachanganya runinga ya Kenya na televisheni ya Tanzania katika aya moja. Mwenye lugha atatabasamu na kuendelea. Mwanafunzi wa Juba ataliandika hilo daftarini mwake, na mwaka ujao atalifundisha.

Aidha, kuna ujuzi ambao mashine haiwezi kuupata bila sisi. Kidinka, Kinuer na Kibari ni lugha za Kiniloti na hazina ngeli kama za Kibantu, kwa hiyo upatanisho wa kisarufi ndio mlima mkubwa wa wanafunzi wetu. Kwa upande mwingine, Kiarabu cha Juba kimewapa daraja ambalo mwanafunzi wa London hana: kitabu, kalamu, sukari, sabuni na samaki havimsumbui hata siku ya kwanza. Mwalimu wa hapa huanzia hapo. Mashine iliyotengenezwa mbali huanzia Kiingereza, kwa sababu ndiko inakotoka.

Hitimisho

Kutokana na historia hii, hatupendekezi kwamba milango ya shule ifungwe. Mashine zitaingia, na nyingine ziko tayari katika simu za wanafunzi wetu. Tunapendekeza mambo matatu yanayowezekana hata katika idara ndogo kama yetu.

Kwanza, iwapo hatuwezi kusoma kila jibu la mashine, tuipe mtihani mashine yenyewe. Idara iandae maswali mia chache yanayotokana na makosa halisi ya wanafunzi wa Sudan Kusini, hasa ngeli, vinyambuo vya vitenzi na misemo, pamoja na majibu yaliyokubaliwa na walimu. Programu yoyote inayoletwa shuleni ifanye mtihani huo kwanza, na irudie kila inapobadilishwa. Huo ndio muhuri wa zama hizi.

Pili, mkataba wowote na mfadhili au kampuni useme waziwazi ni nini kitabaki nchini siku atakapoondoka: masomo, sauti zilizorekodiwa, na haki ya kuvitumia na kuvisahihisha. Vilivyopatikana Tanga viliachwa wazi, na hilo liwe kiwango cha chini. Tukumbuke pia kwamba shule nyingi hazina umeme wa uhakika, na kitu kisichofanya kazi bila intaneti hakitazifikia.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, uhaba wa walimu usitumiwe kuwa sababu ya kuacha kuwaandaa walimu. Anayeweza kugundua kosa la mashine ni yule aliyeijua lugha bila mashine. Kila mwalimu wa Kiswahili anayehitimu hapa ni msomaji mmoja zaidi wa kile kitakachowekwa mbele ya watoto wa nchi hii. Tunawakaribisha wasomaji wetu, walimu kwa wanafunzi, walete idarani makosa waliyokwisha kuyaona katika majibu ya programu hizi, pamoja na sentensi kamili na usahihisho wake, ili kazi ya kuandaa mtihani huo ianze.